Vikundi 63 kwenye simu moja, na programu iliyosoma "ok" kinyume

MamaSamaki_Dunga aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi nauza samaki. Nanunua ufuoni Dunga alfajiri, nauza mjini Kisumu, na mara mbili kwa wiki nafunga boksi la barafu na kulipakia kwenye matatu ya Nakuru kwa wateja wangu wawili wenye hoteli. Biashara yangu yote iko kwenye simu, na simu hiyo hiyo ndiyo inataka kunimaliza.

Juzi nilikaa nikahesabu vikundi vyangu vya WhatsApp. 63. Vya ufuoni ni vinne. Vya chama vitatu. Nina watoto shule ya msingi na sekondari msingi, na kila darasa lina kikundi cha mwalimu na kingine cha wazazi cha kumsengenya mwalimu. Kanisa, kwaya, akina mama wa kanisa. Ukoo wetu, ukoo wa mume. Halafu vikundi vya mazishi, ambavyo vyenyewe sijui vitazikwa na nani. Mjomba wa mume wangu tulimzika Bondo mwaka juzi, kamati ikasoma hesabu na kufunga, lakini kikundi kiko hai hadi leo. Kuna mtu anauza viatu vya mitumba humo, na kila Jumapili mwingine anatuma picha ya maua.

Facebook nayo niko kwenye kurasa za soko la vitu vilivyotumika kwa sababu natafuta friza. Tangazo la friza linanifikia siku ya tatu, imeshauzwa, watu wanapongezana.

Binti yangu aliye chuo akaniwekea programu ya akili bandia, jina naliacha. Unaibandikia jumbe za kikundi, inakurudishia mistari mitano. Wiki ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Kikundi cha wazazi kilikuwa na jumbe 212, zikarudi hivi: Ijumaa mtoto aje na gundi na katoni. Basi. Watu walikuwa wamegombana siku mbili nzima juu ya gundi na katoni.

Jumatano jioni nikaibandikia kikundi cha ufuoni. Ikanijibu: "Wavuvi wamekubali kwenda ziwani leo usiku." Nikalipia barafu shilingi 1,400, nikampanga mtu wa boda anichukue saa kumi na moja kasorobo, nikamwahidi mteja wa Nakuru kilo 40 za ngege. Nafika Dunga, boti zote zimevutwa nchi kavu, upepo unavuma, na mzee mmoja anashona nyavu akaniangalia kama mtu aliyefika arusini kesho yake. Ndipo nikafungua kikundi nikasoma kwa macho yangu. Nahodha alikuwa ameandika: "Ok wadhi nam kawuono, yamo tek." Kwa wasiojua Dholuo: hatuendi ziwani leo, upepo ni mkali. "Ok" yetu ni ya kukataa. Programu ikaisoma kama "ok" ya Kiingereza, ya kukubali.

Barafu iliyeyuka uani. Mteja wa Nakuru alinijibu kwa neno moja, "sawa", na mfanyabiashara yeyote anajua "sawa" ya namna hiyo ina uzito gani.

Swali langu ni hili. Kuna mtu ametumia hizi programu za kuchambua lugha akafaulu, kwa jumbe kama zetu, Kiswahili, Dholuo na Kiingereza ndani ya sentensi moja? Sitaki muhtasari wa dunia. Nataka mambo matatu yasinipite: boti zinaenda au haziendi, bei, na tanzia. Mengine yasubiri Jumapili alasiri.

Mkulima_Njoro alijibu:

Mama, mbona unajisumbua. Toka kwenye vikundi 50. Mimi nilikuwa na 38, leo nina 9, na viazi vyangu bado vinanunuliwa. Tena siku hizi ukitoka hakuna tangazo kwa kila mtu kama zamani. Tangu 2022 wanaoarifiwa ni maadmini peke yao. Toka usiku, ulale.

MamaSamaki_Dunga alijibu:

Baba wa viazi, admini wa kikundi cha ukoo ni kaka yake mama mkwe wangu. Huyo "peke yake" ndiye ninayemwogopa. Na majina ya waliotoka yanabaki siku 60, anayetaka kuyaangalia anayaona. Nikitoka leo nitaulizwa kwenye mazishi yajayo mbele ya watu, sahani ikiwa mkononi.

NyakwarSeme alijibu:

Mama, pole sana kwa barafu. Nasoma kompyuta hapa Maseno, mwaka wa tatu. Hiyo "ok" yako nimewasimulia wenzangu chumbani, na mmoja anataka kuiandikia mradi wake wa mwisho. Akiifanya nitamwambia akulipe hizo 1,400.

Nieleze kilichotokea, maana programu haikukudanganya kwa makusudi. Haisomi neno zima kama wewe. Inakata sentensi vipande, kila kipande kinageuzwa namba nyingi, na namba hizo zilitokana na kupitisha maandishi mengi mno, sehemu kubwa ya Kiingereza. Humo "ok" imekubali mara zisizohesabika. Dholuo iliyoandikwa mtandaoni ni haba, na Dholuo ya nahodha anayeandika kwa kidole gumba akiwa amesimama ufuoni ni haba zaidi. Kwa hiyo kipande kikiwa na maana mbili, programu inafuata ile iliyozoea.

Kiswahili nacho hakijapona. Kukataa kwetu kwingi kunakaa kwenye silabi ya mbele. Tunaenda, hatuendi. Watatuletea, hawatatuletea. Neno hilo la mwisho likikatwa vibaya linaweza kubakiza "tea" mkiani, mtu aonekane ameagiza chai.

Si kwamba hakuna anayeshughulika. Hapa Maseno walishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene wakakusanya Kencorpus, maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, ikiwemo Kibukusu, Kilogooli na Kimarachi. Kuna kundi la watafiti wa lugha za Afrika, Masakhane, ambalo 2021 lilitoa data ya lugha 10 za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwemo, ya kufundisha mashine kutambua majina ya watu, mahali, mashirika na tarehe. Google nao waliongeza Dholuo kwenye Tafsiri mwaka 2024. Lakini angalia, data ile ya Masakhane ilitoka kwenye habari za vyombo vya habari. Mtangazaji anasema sentensi nzima. Nahodha wako anasema "yamo tek" na kuzima simu.

Sasa cha kufanya. Kosa kubwa lilikuwa neno moja, "fupisha". Ukiiambia ifupishe, umeiruhusu kutunga sentensi mpya, na hapo ndipo inapomwekea nahodha maneno ambayo hakuyasema. Iambie ichague. Mimi naiandikia hivi: "Soma jumbe hizi. Ninakilie mistari yote inayotaja boti, upepo, ziwa au bei, neno kwa neno, pamoja na saa iliyotumwa. Usitafsiri, usifupishe, usiongeze lako. Lugha ni Kiswahili na Dholuo. Katika Dholuo 'ok' maana yake ni 'si'." Hilo la mwisho usilisahau. Ukishapewa mistari yenyewe, wewe ndiye unayejua Dholuo, utaisoma mwenyewe kwa nusu dakika.

Na badala ya kunakili kwa kidole, ingia kwenye kikundi, fungua menyu, chagua kuhamisha mazungumzo bila picha na video. Utapata faili moja ya maandishi, kila mstari na tarehe, saa na jina. Inabeba hadi jumbe 40,000, kwa hiyo mjomba wa Bondo anatosha na viatu vyake.

Muhtasari wa WhatsApp wenyewe usiutegemee kwa sasa. Ulipotangazwa Juni 2025 ulianza kwa Kiingereza, Marekani. Sauti vilevile: kugeuza sauti kuwa maandishi kulipokuja Novemba 2024, simu za Android zilianza na Kiingereza, Kihispania, Kireno na Kirusi. Kirusi, mama. Sisi tunaosambaza sauti za dakika tano tukiwa juu ya boda tukaambiwa tungoje.

Friza: Facebook inapanga machapisho kwa kukisia utakachopenda, haiangalii saa. Ingia kwenye menyu utafute sehemu inayoitwa Feeds, ipo tangu Julai 2022. Humo jipya linakaa juu.

DadaWaLurambi alijibu:

Samahani kuwaingilia. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Kakamega, na niliposoma "hamisha mazungumzo" moyo uliruka.

Kijana wangu, umeeleza vizuri, lakini faili hiyo ina majina na namba za simu za watu ambao hawakuulizwa. WhatsApp inafunga ujumbe njiani ili asiusome mwingine ila mtumaji na mpokeaji. Ukiutoa ukaubandika kwenye programu nyingine, kufuli umelivunja mwenyewe. Kwenye kikundi chetu cha kazi mtu anaweza kuandika kwamba mama fulani wa kijiji fulani amekosa kliniki mara ya pili. Hebu fikiria hiyo iko kwenye kompyuta ya kampuni usiyoijua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, kuna aibu.

Kwetu nimewasha ule mpangilio wa faragha ya juu uliokuja Aprili 2025. Ukiwashwa, kuhamisha mazungumzo kunakataa. Dada yangu wa Dunga, usishangae ukijaribu kwenye kikundi fulani ukazuiwa. Admini hajakuchukia.

Kwa bei ya ngege sioni shida, hizo zinapigiwa kelele sokoni. Kwa ukoo, chama na wazazi, tafadhali mtu asibandike.

NyakwarSeme alijibu:

Nimekubali, dada. Niliandika kama mwanafunzi, nikafikiria faili nikasahau watu. Mama, kama ni lazima, fungua faili kwanza, ubadilishe majina yawe A, B, C na ufute namba. Ni kazi, najua. Kwa vikundi vingine hiyo kazi itakushinda, na pengine ni vizuri ikushinde.

KaraniMstaafu_Kondele alijibu:

Nimesoma mpaka hapa, na hakuna aliyegusa tanzia, ilhali mama ameitaja wazi.

Niliandika kumbukumbu za mikutano kwa miaka 31, na sasa ni katibu wa kamati za mazishi, kazi ambayo sikuiomba. Nawaambia, kifo hakitajwi kwa jina lake. Watu huandika "ametutoka", "ametangulia", "amelala", "Bwana ametoa, Bwana ametwaa". Mpwa wangu alijaribu programu kama hizo kwenye kikundi chetu. Mtu alikuwa ameandika kwamba mama wa nyumba ya tatu "amepumzika saa tisa usiku baada ya kuugua." Muhtasari ukasema: mgonjwa anapata mapumziko, hali inatia moyo. Mpwa akatuma "Asante Mungu" na mikono miwili ya kuomba. Tuliufuta ujumbe wake haraka lakini wafiwa walikuwa wameshaona.

Kwa tanzia usitafute mashine. Chagua mtu mmoja katika kila ukoo, mwombe akupigie simu. Mimi nikiwa katibu naandika jioni ujumbe mmoja wenye mambo manne: siku, mahali, mchango umefika wapi, gari linaondoka saa ngapi. Atakayekosa kusoma mengine hajapoteza kitu.

Na mama, wewe umeoa ukoo wenye watu wengi... nisamehe, umeolewa. Vidole vya uzee.

MamaSamaki_Dunga alijibu, siku kumi na moja baadaye:

Nimerudi na hesabu.

Karani, umenichekesha. Kuhusu tanzia nimefanya ulivyosema: kwa mume atanipigia wifi yangu, kwetu atanipigia dada mdogo. Wifi alifurahi sana kupewa cheo. Tayari amenipigia mara mbili, mara moja ikiwa ni ng'ombe.

Vikundi 41 nimeviweka kwenye kumbukumbu, kule visikoonekana. Mtu akinitaja kwa alama ya @ bado naona. Juu nimebandika vitatu tu, na nikagundua WhatsApp yenyewe inaruhusu vitatu: ufuoni, wateja, na chama cha Jumanne. Baba wa viazi, kwenye viwili nilitoka kabisa, usiku, kama ulivyoniambia. Kile cha mjomba wa Bondo bado nimo. Nilinunua viatu.

Programu sikuitupa. Nilijaribu "nichagulie" ya NyakwarSeme kwenye kikundi cha bei, majina nimeyaondoa kama dada wa Lurambi alivyotaka. Jumbe zilikuwa karibu mia tatu, ikanipa mistari saba, neno kwa neno, hata makosa ya tahajia imeyaacha yalivyo. Hapo nilianza kuiamini tena. Lakini nimeumwa na nyoka, nikapitia zote kwa macho, na nikakuta imeruka bei mbili. Moja iliandikwa "soo tatu na finje", yaani 350, na nyingine "thao mbili kwa beseni", yaani 2,000. Haikuona tarakimu, haikujua kwamba ni pesa. Sasa nimeiandikia orodha yangu: soo, finje, thao, ngiri. Tangu hapo imekosa moja tu, na hiyo iliandikwa na mtu ambaye hata sisi huwa tunampigia simu kumuuliza alikuwa anamaanisha nini.

Kwa wazazi wa shule inafanya vizuri, kwa sababu mwalimu anaandika kwa nukta na mkato. Ule ujumbe wake nanakili peke yake, bila majina ya watoto. Matusi ya wazazi nimeyaacha huko huko.

La boti ndilo lililonifundisha kitu ambacho sikukitegemea. Nilienda kwa katibu wa kikundi cha ufuoni nikamweleza habari ya "ok". Alicheka mpaka akaketi kwenye kreti. Akawaita wengine, nikaieleza tena, na tena. Hata yule mzee wa nyavu akasema kumbe ndiyo maana ulikuja siku ile na boda. Tulipomaliza kucheka nikamwomba jambo moja: ujumbe wa jioni uanze na neno moja peke yake, kwa herufi kubwa. NITIE, wapo. ONGE, hakuna. Kisha waandike watakavyo, waweke na stika. Maneno hayo mawili hakuna Mzungu anayeyatumia kwa maana nyingine, na mimi sihitaji kuibandikia programu chochote. Neno linatokea juu ya skrini kabla hata sijafungua.

Siku mbili za kwanza walisahau. Ya tatu nahodha mmoja akaandika ONGE halafu chini yake akaongeza "ila kidogo wapo", na nikampigia simu kumuuliza ONGE ya aina gani hiyo. Sasa wamezoea. Wanawake wenzangu wa omena nao wameomba kikundi chao kifanye hivyo.

Jana saa mbili usiku nikaona ONGE. Nikamwambia mtu wa barafu asinikatie, nikamwandikia wa Nakuru mapema kwamba kesho apike kuku. Akanijibu "sawa mama, asante kwa kuniambia." Hiyo ni "sawa" nyingine kabisa. Nikazima taa.

Saa nne shemeji yangu akatuma sauti kwenye ukoo. Dakika nane. Tena ananitaja kwa @. Nyakwara, hiyo inafanywaje?

Mkulima_Njoro alijibu:

Ukiicheza, bonyeza ile namba ya kando mpaka isome 2×. Dakika nane zinakuwa nne. Baba mkwe wangu nilimsikiliza hivyo Pasaka yote, na nikamjibu kila swali.